Petroli yenye ethanoli na petroli ya oktani ya juu: ipi inafaa gari la kila siku?

Dereva anayetoka Kyela na kuvuka mto Songwe kuingia Malawi hubadilisha fedha mpakani, na pasipo kutambua hubadilisha hata mafuta. Tangu mwaka 1982 Malawi imekuwa ikichanganya petroli yake na ethanoli inayotengenezwa nchini humo. Zimbabwe nayo hufanya hivyo kwa amri ya serikali. Dereva huyo akiendelea na safari hadi Johannesburg atakuta jambo jingine: pampu mbili za petroli, moja imeandikwa 93 na nyingine 95, na ile ya namba kubwa ni ghali zaidi. Hapo ndipo maswali huanza. Je, petroli iliyochanganywa huharibu injini? Na je, ile ya bei ya juu huipa gari nguvu zaidi?

Wengi wa wasikilizaji wetu wanaoendesha teksi au magari madogo ya familia hujibu ndiyo kwa maswali yote mawili. Majibu hayo huwagharimu fedha, kwa kuwa yanachanganya mambo ambayo hayahusiani.

Tuanze na ethanoli yenyewe. Ni spiriti inayopatikana kwa kuchachusha na kukeneka molasi, ule uji mzito mweusi unaobaki baada ya sukari kutolewa katika maji ya miwa. Kiwanda cha kwanza cha Malawi kilijengwa Dwangwa, wilayani Nkhotakota, kando ya ziwa na karibu na mashamba ya miwa. Cha pili kilifuata mwaka 2004 wilayani Chikwawa, katika bonde la mto Shire. Sababu ilikuwa ya kiuchumi zaidi kuliko ya kimazingira. Malawi haina bahari, na katika miaka ya 1980 vita vya Msumbiji vilikuwa vikiziba njia zake za Beira na Nacala. Kila lita ya spiriti iliyotoka Dwangwa ilikuwa lita moja isiyohitaji kuagizwa kwa fedha za kigeni na kusafirishwa kwa njia ndefu. Zimbabwe ilikuwa imetangulia kwa miaka miwili, ikitumia kiwanda cha Triangle kilichoanza mwaka 1980. Ukame wa mwaka 1992 uliua miwa na uchanganyaji ukasimama. Ulirudi baada ya kiwanda kipya kufunguliwa Chisumbanje mwaka 2011, na kuanzia mwaka 2013 ukawa wa lazima. Kiwango chake hupanda na kushuka kufuatana na kiasi cha ethanoli kilichopo: mara asilimia 5, mara 10, mara 15 au zaidi. Herufi E na namba inayoifuata ndizo zinazomweleza mteja kiwango hicho. E10 maana yake ni sehemu 10 za ethanoli katika kila sehemu 100 za mafuta.

Namba ya oktani ni habari nyingine kabisa. Haipimi nguvu iliyomo katika petroli. Inapima jinsi petroli inavyostahimili kushindiliwa ndani ya silinda pasipo kujiwakia kabla ya wakati wake. Petroli inayoshindwa kustahimili husababisha kile mafundi wanachokiita injini kugonga, yaani mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, unaosikika hasa gari lenye mzigo linapopanda mlima. Anayetoka Karonga kwenda Mzuzu huweza kuusikia katika kona za Chiweta, pale barabara inapoacha ufuko wa ziwa na kuanza kukwea. Kugonga kwa muda mrefu huharibu pistoni. Kwa hiyo injini yenye mshindilio mkubwa, hususan yenye tabo, huhitaji oktani ya juu. Injini ya kawaida haihitaji, na haina namna ya kuitumia. Kuinunulia petroli ya 95 injini iliyoundwa kwa 91 ni sawa na kulipia mzigo usioubeba.

Mwinuko wa nchi nao unahusika. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, mshindilio ndani ya silinda hupungua, na injini huridhika na oktani ndogo zaidi. Ndiyo sababu petroli ya 93 imedumu katika nyanda za juu za Afrika Kusini, ambako Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali pwani dereva huuziwa 95.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba ethanoli yenyewe ina oktani ya juu kupita petroli karibu yote inayouzwa vituoni, zaidi ya 105. Ikichanganywa na petroli huipandisha oktani yake. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoachana na petroli yenye risasi, mwanzoni mwa mwaka 2006, ilibidi ipatikane njia nyingine ya kuzuia injini kugonga, na ethanoli ni mojawapo ya njia hizo. Basi anayesema kwamba petroli ya Malawi ni dhaifu kwa sababu ina spiriti hana hoja kwa upande wa oktani.

Kwa upande wa nishati, hoja anayo. Lita moja ya ethanoli hutoa takriban theluthi mbili tu ya nishati ya lita moja ya petroli. Hesabu yake si ngumu. E10 ina nishati pungufu kwa asilimia 3 hivi kuliko petroli tupu, na E20 ni pungufu kwa karibu asilimia 7. Gari linalotumia lita 40 za petroli tupu kwa safari ya kilomita 500 litahitaji lita 41 na nusu hivi za E10, au lita 43 za E20. Kwa mwenye gari la kwendea kazini tofauti ya E10 huzama katika foleni na upepo wa matairi. Kwa dereva wa teksi anayejaza tangi kila siku, tofauti ya E20 inaonekana mwisho wa mwezi. Kipimo cha haki ni bei: E10 ikiwa nafuu kwa zaidi ya asilimia 3 kuliko petroli tupu, mteja amepata faida, na E20 inapaswa kuwa nafuu kwa asilimia 7. Serikali inapopandisha kiwango cha ethanoli na kuiacha bei palepale, mwenye gari ndiye anayelipa pengo hilo, na malalamiko yake ni ya haki.

Swali la uharibifu linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu magari mengi ya ukanda huu ni yale yaliyotumika Japani. Huko, tangu mwaka 2003, sheria iliruhusu ethanoli isiyozidi asilimia 3 katika petroli ya kawaida. Haimaanishi kwamba magari hayo hayawezi kustahimili zaidi. Watengenezaji haohao wameuza magari Marekani na Ulaya, ambako E10 ni mafuta ya kila siku, na karibu magari yote ya petroli yaliyouzwa mapya Ulaya tangu mwaka 2011 yameundwa kuipokea. Hofu ya kweli iko kwenye magari ya zamani yenye kabureta, ambayo mipira na sili zake hulainika au kupasuka kwa spiriti, na kwenye viwango vinavyozidi asilimia 10, ambavyo vitabu vingi vya magari haviviruhusu. Wabrazili wanatumia kiwango kikubwa zaidi cha ethanoli bila wasiwasi, lakini magari yao yameundwa kwa ajili hiyo.

Adui mwingine ni maji. Ethanoli hunyonya unyevu wa hewani, na maji yakizidi kiasi hujitenga pamoja na spiriti na kutuama chini ya tangi, mahali hasa pampu inaponyonyea. Gari linaloendeshwa kila siku halifikii hali hiyo. Jenereta iliyojazwa na kusahauliwa kwa miezi kadhaa huifikia, na vilevile petroli iliyofichwa katika madumu yasiyozibwa vizuri, kama ilivyotokea kwa wengi wakati wa uhaba wa mafuta Malawi katika miaka ya karibuni.

Hapa yafaa tuondoe shaka ya wasikilizaji wa Tanzania, ambao wakisikia mafuta yamechanganywa huwaza uchakachuaji. Mafuta ya taa, ambayo wachakachuaji waliyatia katika petroli hadi vinasaba vilipoanza kutumika mwaka 2010, yana oktani ya chini sana, hugongesha injini na kuacha masizi. Ethanoli hufanya kinyume chake. Gari likianza kugonga ghafla baada ya kujazwa kando ya njia, kisingiziwe kwanza kile kidumu wala si kiwanda cha Dwangwa.

Atakaye kujua gari lake linahitaji nini afungue kifuniko cha tangi na kusoma kibandiko cha ndani. Magari ya Ulaya huandika namba, mara nyingi 95 kama kiwango cha chini. Kibandiko cha magari ya Japani huwa kwa Kijapani, na wanunuzi wengi hukipuuza. Kipigwe picha na kutafsiriwa kwa simu, kwani baadhi ya magari yenye tabo huagiza petroli ya daraja la juu pekee, na hayo hayafai kunyimwa. Vitz, Passo, Demio na March nyingi zinazoonekana barabarani kwetu huagiza ile ya kawaida.

Gari la zamani linaloingia Malawi au Zimbabwe kwa mara ya kwanza lisijazwe tangi zima. Ethanoli huyeyusha uchafu uliogandamana ndani ya tangi kwa miaka na kuupeleka kwenye chujio, na baada ya tangi la pili au la tatu gari huanza kukatakata. Fundi asiyejua hupendekeza pampu mpya, ambayo ni ghali. Aambiwe abadilishe chujio kwanza.