Barua Zinazojifunga Zenyewe

Juma lililopita tulisema kwamba barua pepe isiyofungwa ni kama kadi ya posta: kila aipitishaye aweza kuisoma. Leo tutazame jinsi ilivyopatiwa bahasha na lakiri.

Tangu zamani taabu ya maandishi ya fumbo ilikuwa ni ufunguo. Ukimpelekea rafiki yako fumbo, huna budi kumpelekea na ufunguo wake, nao waweza kuibiwa njiani. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza njia nyingine, na mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman walipata hesabu ya kuitimiza. Kila mtu huwa na funguo mbili. Mmoja humpa yeyote atakaye, nao hufunga tu. Wa pili hukaa nao mwenyewe, ndio ufunguao. Tena huo wa siri hutia sahihi, na mwenye ule wa hadharani aweza kuihakikisha.

Mwaka 1991 Philip Zimmermann alitoa programu iitwayo PGP, ili hata raia wa kawaida apate kufunga barua zake. Serikali yake ilihesabu mafumbo makali kuwa ni silaha, ikamchunguza kwa tuhuma ya kuyapeleka nje bila ruhusa, hata ilipofika Januari 1996 ikaacha bila kumshtaki. Katikati ya hayo, mwaka 1995, maandishi yote ya programu yalipigwa chapa kitabuni, maana kitabu hakikuzuiliwa mpakani!

Lakini kwa maoni yangu kizuizi kikubwa hakikuwa serikali, bali uzito wa kazi yenyewe. Mwaka 1999 Alma Whitten na J. D. Tygar waliwapa watu 12, wazoefu wa barua pepe, dakika 90 wafunge na kutia sahihi kwa PGP. Theluthi tu walifaulu. Watatu waliipeleka siri wazi kwa makosa.

Ndiyo maana wengine huiachia mashine kazi hiyo. Mwaka huo huo wa 1999 Werner Koch wa Ujerumani alitoa toleo la kwanza kamili la GnuPG, programu inayokubali kuamrishwa na skripti, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta huzifuata yenyewe. Barua ikitoka, skripti hutafuta ufunguo wa mpokeaji, huifunga, huitia sahihi, kisha huipeleka.

Je, ufunguo wa mpokeaji usipopatikana? Skripti nyingine huiachia barua iende wazi kimya kimya. Hiyo mimi siipendi hata kidogo. Afadhali barua irudi kwa mwandishi. Pia ili mashine itie sahihi usiku umelala, lazima ufunguo wako wa siri ukae ndani yake, na atakayeivamia aweza kutia sahihi kwa jina lako. Kwa hiyo wengi huipa mashine ya ofisi ufunguo wake peke yake, na ule wa mtu hubaki kwake.