Mlingoti wa Maua na Ngoma ya Mavuno: Siku ya Yohana Mbatizaji Uswidi na Unyamwezi

Kalenda ya Kanisa yaonyesha kwamba tarehe 24 Juni ni Siku ya Yohana Mbatizaji. Hapa Kanyenye, katika mji wa Tabora, siku hiyo hupita kimya. Isipoangukia Jumapili, wengi hawaikumbuki. Ikiangukia Jumapili, masomo yake husomwa, kisha hufuata matangazo ya michango. Hata hivyo, nje ya kanisa huo ni msimu ambao watu wa Unyamwezi wameupenda tangu zamani. Mvua imekwisha, mtama na mahindi yameingia ghalani, karanga zimeng'olewa, usiku una baridi, na vijijini ngoma zasikika. Huko Uswidi, kwenye Kanisa ambalo sisi Walutheri wa Tanzania tuna undugu nalo wa miaka mingi, siku hizohizo ni za sikukuu kubwa inayoshindana na Krismasi kwa kupendwa. Waswidi huiita Midsommar, yaani katikati ya majira ya joto, na usiku wake hucheza ngoma.

Yafaa tuuchunguze jambo hili kwa utulivu, maana katika sharika zetu nyingi Wakristo walitengwa na Meza ya Bwana kwa kosa la kucheza ngoma, na waliowafundisha wazee wetu sheria hiyo baadhi yao walitoka katika nchi ambayo watu wake wote, wakubwa kwa wadogo, hucheza wakiuzunguka mlingoti siku ya mtakatifu. Je, walituficha jambo? Naamini hawakutuficha. Ila walituletea upande mmoja wa ugomvi wao wa nyumbani, nasi tukaupokea kana kwamba ndiyo Injili yenyewe.

Tuanze na tarehe. Luka 1:36 yasema kwamba Elisabeti alikuwa katika mwezi wake wa sita malaika alipomjia Mariamu. Kwa hiyo Kanisa la kale, likiisha kuiweka Krismasi tarehe 25 Desemba, liliweka kuzaliwa kwa Yohana miezi sita kabla yake. Ikatokea kwamba sikukuu zote mbili zimekaa karibu na siku ambazo jua hugeuka. Augustino, Askofu wa Hippo, aliliona jambo hilo na kulihubiri: Yohana alisema kwamba hana budi kupungua ili Kristo azidi (Yn 3:30), na kweli baada ya siku ya Yohana mchana huanza kufupika, na baada ya Krismasi huanza kurefuka. Ni mahubiri mazuri, lakini ni mahubiri ya kaskazini. Tabora iko takriban digrii 5 kusini mwa ikweta. Mchana wetu wa Juni na ule wa Desemba hutofautiana kwa kiasi cha nusu saa tu, tena kinyume: mchana wa Juni ndio mfupi. Mwanafunzi anayenakili mfano wa Augustino katika hotuba yake hapa Tabora huwaambia watu jambo ambalo macho yao hayalioni.

Huko Uswidi macho huona. Mjini Stockholm mchana wa mwisho wa Juni una zaidi ya saa 18, na kaskazini kabisa, kama kule Kiruna, jua halitui. Watu waliokaa gizani tangu Novemba hutoka nyumbani kama wafungwa waliofunguliwa. Mkesha ndio wenye shangwe kuliko siku yenyewe. Asubuhi watoto na wazee huchuma maua na majani, nao husuka mataji ya kuvaa kichwani. Mlingoti mrefu huvikwa majani mabichi, aghalabu ukiwa na kiti cha msalaba na pete mbili za maua zinazoning'inia, kisha wanaume huusimamisha kwa nguvu za pamoja huku mpiga fidla akicheza. Ndipo wote hushikana mikono na kuuzunguka kwa nyimbo za mchezo. Katika mmoja wao watu wazima wenye heshima zao, pengine na mchungaji miongoni mwao, huruka kama vyura. Chakula ni samaki wa heringi waliotiwa siki na chumvi, viazi vipya vya msimu, maziwa ya mgando na stroberi. Pombe kali hunywewa pia, na hunywewa sana. Mabinti huchuma maua ya aina saba bila kusema neno na kuyalaza chini ya mto, ili wamwote mume atakayewaoa. Katika jimbo la Dalarna, kandokando ya ziwa Siljan, watu walikuwa wakienda ibadani kwa mashua ndefu za kanisa zenye makasia mengi, na desturi hiyo ingali ikionekana huko wakati wa Midsommar.

Wengine husema haraka kwamba huo mlingoti ni upagani wa kale uliobatizwa. Yafaa kusita. Olaus Magnus, askofu mkuu Mkatoliki aliyekuwa uhamishoni, katika kitabu chake cha historia ya watu wa kaskazini kilichochapwa Roma mwaka 1555, asimulia watu wa rika zote wakikusanyika mkesha wa Yohana kucheza penye mioto. Mlingoti wenyewe waonekana kuletwa kutoka Ujerumani katika zama za kati, na hakuna ushahidi wa kutosha wa kuuunganisha na miungu ya kale. Luther naye hakuifuta siku ya Yohana, aliihubiria. Mwaka 1772 serikali ya Uswidi ilipopunguza sikukuu za kanisa ili watu wafanye kazi zaidi, Midsommar ilibaki.

Ugomvi ulikuja na uamsho. Katika karne ya 19 vuguvugu la wachaji lilienea Uswidi nzima, na mwaka 1856 likazaa chama cha misheni cha Evangeliska Fosterlands-Stiftelsen. Watu wa uamsho walikuwa na sababu. Ulevi ulikuwa umeharibu vijiji, na mchungaji Peter Wieselgren alitumia maisha yake kuupiga vita. Lakini katika kung'oa magugu waling'oa na mengine. Fidla iliitwa chombo cha Shetani, na wapigaji waliookoka wakavunja au kuchoma fidla zao. Mcha Mungu hakuonekana penye mlingoti. Siku hiyo alikwenda kwenye mkutano wa Neno chini ya miti. Hata katika karne ya 20 Wapentekoste wa Uswidi waliufanya mkutano wao mkubwa wa Nyhem majira hayohayo.

Waliookoa ngoma ya Uswidi hawakuwa makasisi. Artur Hazelius alifungua makumbusho ya Skansen mjini Stockholm mwaka 1891, akakusanya humo nyumba, mavazi na michezo ya vijiji iliyokuwa ikipotea. Mchoraji Anders Zorn wa Mora alisaidia kuufufua mlingoti katika kijiji chao, na mwaka 1897 akachora picha ya dansi ya Midsommar ambayo leo kila Mswidi aijua. Tangu 1953 sikukuu hiyo imehamishiwa Jumamosi kati ya tarehe 20 na 26 Juni, na siku ya Yohana yenyewe huadhimishwa Jumapili inayofuata. Basi shangwe na mtakatifu wametengana kidogo, na Waswidi wengi wanaouzunguka mlingoti hawamkumbuki Yohana hata kidogo. Hiyo nayo ni hasara, na sijui kama wachungaji waliojitenga na mlingoti walikisia kwamba ingekuja.

Sasa tuangalie ni nani waliofika kwetu. Chama cha Augustana, cha wana wa Waswidi waliohamia Marekani, kilianza kazi Iramba katika miaka ya 1920. Wamisionari wa Kijerumani walipokamatwa na Waingereza Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Misheni ya Kanisa la Uswidi iliwasaidia Wakristo wa Bukoba, ambako Bengt Sundkler alifanya kazi 1942 hadi 1945 na baadaye kuwa askofu. Karibu zaidi na Kanyenye, Wapentekoste wa Uswidi walifungua kazi upande wa Nzega katika miaka ya 1930, na hospitali ya Nkinga ni tunda la kazi hiyo. Kazi ya Wamoravian ya Urambo na Sikonge nayo, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliangukia mikononi mwa ndugu zao wa Denmark. Karibu wote walikuwa watoto wa uamsho. Aliyemkataza kijana wa Kinyiramba kucheza ngoma alikuwa amekwisha kujikataza mwenyewe fidla ya babu yake, na kwa hiyo hatuwezi kumwita mnafiki.

Lakini tofauti ni hii: Uswidi ngoma ilikuwa na mtetezi mwingine, na huku haikuwa naye ndani ya Kanisa. Mpiga fidla aliyekemewa na mhubiri aliweza kubaki Mkristo katika usharika wake, maana alibatizwa humo pamoja na baba yake na babu yake. Mpiga ngoma wa Unyamwezi aliambiwa achague.

Na alikuwa na mengi ya kuacha. Msimu huu wa Juni ndio uliokuwa msimu wa njia kuu. Wapagazi wa Kinyamwezi walivuna kwanza, kisha wakajitwika pembe na kushuka pwani, ili warudi kabla ya mvua za kupanda. Msafara ulipokaribia Tabora watu walivaa nguo zao nzuri, kirangozi akatangulia na mapambo kichwani, bendera ikapepea, ngoma zikalia na bunduki zikafyatuliwa. Stanley aliingia hivyo mwezi Juni 1871, akimtafuta Livingstone. Hiyo ilikuwa shangwe ya watu waliofika salama, kama vile Mswidi ashangiliavyo kufika mwisho wa giza.

Hatudai kwamba ngoma zote ni moja. Baswezi, chama cha mizimu, kina viapo na matambiko ambayo Mkristo hawezi kuyaingia. Hata mashindano ya Wagika na Wagalu wa Usukuma yalikuwa na dawa zake. Tena kila desturi ina mahali pake. Wadenmark huwasha moto mkesha wa tarehe 23 Juni, na juu yake huchoma sanamu ya mchawi kwa mchezo. Katika nchi yetu ya magharibi, ambamo wanawake wazee wameuawa kwa ajili ya macho mekundu, mchezo huo ungekuwa chukizo.

Lakini kuchambua kunawezekana, na jirani zetu wamekwisha kujaribu. Kule Bujora karibu na Mwanza, padre David Clement wa Wamisionari wa Afrika aliiunganisha sikukuu ya Ekaristi katika miaka ya 1950 na ngoma za mavuno za Wasukuma. Sikukuu hiyo yaitwa Bulabo, yaani maua. Kwanza ni maandamano ya Sakramenti yenye maua, kisha Wagika na Wagalu hushindana kwa siku kadhaa, kwa kawaida mwezi wa Juni. Mtu aliyeiona Leksand wakati wa Midsommar asingejiona mgeni sana. Tunaweza kutofautiana na Wakatoliki juu ya maandamano ya Sakramenti, lakini hatuwezi kusema hawakulifikiri jambo.

Walutheri tuna kipimo chetu. Ungamo la Augsburg lilipangwa lisomwe mbele ya Kaisari Karl V siku ya Yohana, 24 Juni 1530, likaahirishwa hadi kesho yake. Kifungu chake cha 15 kinafundisha kwamba desturi na sikukuu zinazoweza kushikwa bila dhambi, na zinazofaa kwa amani na utaratibu mwema, zishikwe, ila dhamiri zisilemewe kana kwamba ni za lazima kwa wokovu. Na kifungu cha 7 kinasema si lazima desturi za wanadamu zifanane kila mahali. Kwa muda mrefu tumevisoma vifungu hivyo kama silaha dhidi ya Roma. Mzee wa kanisa aliyefutiwa ushirika mwaka mzima kwa sababu alipiga ngoma katika mavuno ya kijiji chao angeweza kuvisoma kwa ajili yake mwenyewe, kama angevipata katika lugha anayoielewa.

Mchungaji anayejiandaa kuhubiri tarehe 24 Juni ana masomo mawili ambamo Yohana na dansi hukutana. La kwanza ni la Mathayo 14, ambamo binti wa Herodia alicheza na kichwa cha nabii kikaletwa katika sinia. Hilo tumelisikia mara nyingi. La pili ni Luka 7:31-35, ambamo Bwana awafananisha watu wa kizazi chake na watoto wa sokoni wanaolalamika kwamba walipiga zumari na wenzao hawakucheza, tena waliomboleza na wenzao hawakulia: Yohana alikuja akifunga wakamkataa, na Mwana wa Adamu alikuja akila na kunywa, naye wakamkataa. Mimi nimeketi ibadani siku ya Yohana kwa miaka mingi, na bado sijasikia mahubiri juu ya hilo la pili.