Zuru Mombasa na mtoto bila kuhofia tumbo

MZAZI anayezuru Mombasa na mtoto mdogo hana haja ya kumlisha vibanzi kila siku. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, karibu na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, asubuhi hupatikana mahamri na mbaazi za nazi. Jioni, kando ya bahari eneo la Mama Ngina, huuzwa viazi karai, muhogo na madafu. Mwambie muuzaji mapema asitie pilipili.

Hata hivyo, chagua kwa makini, kwani mtoto akiharisha hupungukiwa na maji mwilini upesi kuliko mtu mzima. Penye wateja wengi chakula hakilali. Nunua kile kinachoepuliwa motoni ukishuhudia. Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe bila kuhifadhiwa kwa zaidi ya saa mbili. Epuka kachumbari na vinywaji vyenye barafu. Dafu lililokatwa mbele yako ni salama zaidi.

Muhimu pia, mlishe kabla hajalia njaa. Mzazi anayeharakishwa na kilio huingia popote.