Sukari ya Damu: Jinsi Mizani ya Mwili Ilivyojulikana

Damu yote ya mtu mzima, ambayo ni takriban lita 5, hubeba gramu 5 hivi tu za glukosi, yaani ile sukari nyepesi ambayo chembe hai za mwili huitumia kujipatia nguvu, na kiasi hicho, ambacho ni kama kijiko kimoja cha chai, hakiyumbi sana hata mtu akiwa ametoka kula wali au ameshinda na swaumu. Ubongo peke yake huhitaji karibu gramu 120 kwa siku, kwa hiyo akiba ya damuni ingekwisha kwa saa moja hivi lau isingekuwa inajazwa bila kukoma. Kujua ni kiungo gani kinachoijaza, ni kipi kinachoizuia isifurike, na ni kwa njia gani viungo hivyo hupashana habari, kuliwachukua wataalamu zaidi ya miaka 100.

Kwamba afya ni mizani, watu walikwisha kuamini tangu zamani. Tabibu wa kale Galen, na baada yake Ibn Sina katika kitabu chake cha Qanun, walifundisha kwamba mwili una majimaji manne, nayo ni damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba maradhi huja pale moja linapoyazidi mengine. Mafundisho hayo yalifika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na vitabu na matabibu wa Kiarabu, na mpaka leo wazee wengi wa Mombasa na Zanzibar hutenganisha vyakula vya moto na vya baridi kwa mantiki hiyo hiyo. Wazo lenyewe halikuwa la kubezwa, ila halikuwa na kipimo: hakuna aliyeweza kusema mizani imeinama kwa kiasi gani, wala ni kitu gani ndani ya mwili kilichoitambua hali hiyo.

Kipimo kilianza kupatikana Paris, katika maabara finyu na yenye unyevunyevu ya Collège de France, ambako Claude Bernard, mtoto wa mkulima wa zabibu aliyezaliwa mwaka 1813, alikuwa akichunguza safari ya sukari mwilini. Wanakemia wakubwa wa Ufaransa walishikilia wakati huo kwamba mimea peke yake ndiyo inayotengeneza sukari na kwamba mnyama kazi yake ni kuiteketeza tu, lakini mwaka 1848 Bernard aliwalisha mbwa nyama tupu, kisha akaikuta sukari katika damu inayotoka kwenye ini, ilhali ile inayoingia humo kutoka utumbo haikuwa nayo. Mwaka 1855 alichukua ini la mbwa aliyekwisha kufa, akapitisha maji katika mishipa yake kwa takriban dakika 40 mpaka maji yakawa yanatoka bila dalili ya sukari, akaliacha hadi kesho yake, na alipolipima tena alilikuta limejaa sukari upya. Ilikuwa wazi kwamba ndani ya nyama ya ini mna kitu kinachogeuka kuwa sukari, na kufikia mwaka 1857 alikuwa amekitenga na kukiita glikojeni, yaani wanga ambao wanyama hujiwekea akiba.

Historia hii haiwezi kusimuliwa kwa haki bila kutaja gharama yake, kwa kuwa wanyama wengi walipasuliwa wakiwa hai, na mke wa Bernard mwenyewe alichukizwa sana na kazi hiyo hata wakaachana. Hata hivyo, kutokana na ini lile Bernard alifikia fikra pana kuliko ugunduzi wowote mmoja: kwamba chembe za mwili haziishi katika hewa ya nje bali katika majimaji yanayozizunguka, aliyoyaita mazingira ya ndani, na kwamba mnyama huwa huru mbele ya joto, baridi na njaa kwa kadiri mazingira hayo yanavyobaki vilevile.

Bernard alilitambua ghala bali hakumtambua mlinzi wake. Mwaka 1889, huko Strasbourg, Joseph von Mering na Oskar Minkowski walimwondolea mbwa kongosho, yaani tezi iliyo nyuma ya tumbo, na mbwa huyo akashikwa na kisukari kikali. Ilipofika mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best, wakifanya kazi Toronto katika maabara ya J. J. R. Macleod, walipata kutoka katika kongosho dawa iliyoshusha sukari, ambayo ilikuja kuitwa insulini, na James Collip akaisafisha vya kutosha kuweza kupewa binadamu mwezi Januari 1922. Collip aliona pia jambo ambalo kwa historia ya mizani lina uzito sawa na tiba yenyewe: sungura waliozidishiwa insulini walianguka na kutetemeka kwa degedege, na walipopewa glukosi waliinuka. Homoni ile, yaani kemikali inayobeba ujumbe kwa njia ya damu, iliweza kuua kama ilivyoweza kuponya, kwa sababu ilikuwa imetengwa na kiungo kilichojua wakati wa kuitoa na wakati wa kuizuia.

Kwamba mwili una njia ya kujitetea dhidi ya upungufu wa sukari kulionyeshwa na Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1924 yeye na wenzake walitumia paka ambao moyo wao ulikuwa umekatiwa neva zote, hata usiweze kupokea amri yoyote isipokuwa ile iliyoletwa na damu, kisha wakawadunga insulini. Sukari iliposhuka mno, moyo ulianza kwenda mbio, ishara kwamba tezi zilizo juu ya figo zilikuwa zimemwaga adrenalini, ambayo huliamuru ini kufungua ghala lake; walipoingiza glukosi, mbio zile zilitulia. Utaratibu huu, ambao badiliko lenyewe huamsha nguvu ya kulipinga na marekebisho yenyewe huizima nguvu hiyo, ndio unaoitwa mrejesho hasi. Mwaka 1926 Cannon aliipa hali nzima jina la homeostasia, akisisitiza kwamba si utulivu wa kitu kilichosimama bali ni uthabiti unaotafutwa kila dakika.

Mwanafiziolojia wa Mexico, Arturo Rosenblueth, aliyefanya kazi na Cannon, aliandika mwaka 1943 pamoja na Norbert Wiener na Julian Bigelow makala iliyoonyesha kwamba kanuni hiyo hiyo huongoza mashine zinazojirekebisha. Nadharia ilikuwa imekamilika kuliko vipimo, maana insulini ni haba mno damuni, na hakuna aliyekuwa na njia ya kuipima kwa usahihi mpaka Rosalyn Yalow na Solomon Berson, katika hospitali ya maveterani huko Bronx, walipobuni kipimo kinachotumia mionzi na kingamwili mwishoni mwa miaka ya 1950. Hapo ndipo ilipowezekana kuona insulini ikipanda mtu anapokunywa sukari na kushuka sukari inapopungua.

Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha kifaa cha kwanza kinachoiga mrejesho huo kwa kupima glukosi chini ya ngozi na kurekebisha chenyewe insulini ya msingi, na hata hicho kilimtaka mwenye nacho akitangulizie habari za kila mlo, kwa kuwa insulini ya chini ya ngozi huchelewa kufanya kazi na ikishaingia hairudishwi. Kwa wagonjwa wengi wa Tanzania na Kenya wanaotegemea insulini, mzunguko huo wa kupima na kurekebisha bado hufungwa kwa mkono: kidole huchomwa, tone la damu huwekwa kwenye kipande cha kupimia, hesabu ya chakula hufanywa, ndipo sindano ichomwe. Vipande vya kupimia vinapokosekana, au bei yake inaposhinda kipato cha nyumba, mgonjwa hudunga kwa kukisia, huku hatari ya degedege ileile aliyoiona Collip kwa sungura wake ikiwa haijaondoka.