Mvamizi, Mkombozi na Mto Kagera

Simba anapomrukia mbuzi na kumwangukia kwa uzito wake wote, amemvamia. Neno hili asili yake ni mwilini: kuvamia ni kujitupa juu ya kitu kwa ghafla na kukilemea. Kutokana nalo tukapata mvamizi na uvamizi, kama saidia ilivyozaa msaidizi. Siku hizi majambazi huvamia maduka, nzige huvamia mashamba, na magugu maji ya Ziwa Victoria yanaitwa mimea vamizi.

Tusilichanganye na kushambulia. Mzinga ukifyatuliwa kutoka ng'ambo ya mto, hilo ni shambulio. Ili uwe uvamizi, lazima mtu avuke na kuingia.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 walivuka. Majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalipita mpaka wa Mutukula na kulikalia eneo lote la Tanzania lililo kaskazini ya Mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800. Raia waliuawa, wanawake walibakwa, ng'ombe wakaswagwa kupelekwa Uganda, na kiwanda cha sukari kikaporwa. Novemba 1 Amin akatangaza kuwa ardhi hiyo sasa ni ya Uganda. Daraja la Kyaka juu ya mto huo nalo likalipuliwa. Kesho yake baada ya tangazo hilo, Rais wa Tanzania, Mwalimu Nyerere, aliwaambia wananchi kwamba sababu ya kumpiga ipo, nia ipo na uwezo upo. Tangu hapo, kwa Watanzania wengi, uvamizi si neno la kamusi tena. Ni Kagera.

Lakini kila upande ulililia neno hilohilo. Redio ya Amin ilikuwa imetangaza Oktoba hiyohiyo kwamba Tanzania ndiyo iliyoivamia Uganda. Ulikuwa uongo, ila haukuokotwa hewani: Septemba 1972 wafuasi wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walioishi uhamishoni Tanzania waliingia Uganda kwa silaha, wakashindwa, na nchi hizi mbili zikapatanishwa kwa mkataba wa Mogadishu. Mtu asiyetaja mwaka huo anaisimulia hadithi nusu.

Jeshi la Tanzania liliikomboa ardhi iliyokaliwa, kisha nalo likavuka mpaka, likiwa pamoja na wapiganaji wa Uganda waliompinga Amin. Masaka ikaanguka Februari 1979, na Kampala Aprili 11. Je, huo nao ulikuwa uvamizi? Waganda waliwaita askari hao kwa jina la Kiswahili, wakombozi, ambalo katika Kiganda likageuka bakombozi. Komboa ni neno la rehani na la utumwa: kulipa ili kilichoshikwa kirudi kwa mwenyewe. Kwa maoni yangu lilistahili, kwa sababu malipo yalikuwa maisha ya vijana, ambao wengi wao wamezikwa Kaboya, mkoani Kagera.

Wapo waliolikataa. Katika mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia Julai 1979, Rais Numeiry wa Sudan aliilaumu Tanzania hadharani kwa kuingilia nchi nyingine, kinyume cha mkataba wa umoja huo. Aliyesimama kuitetea Tanzania alikuwa Godfrey Binaisa, rais wa nchi hiyohiyo iliyosemekana kuvamiwa.