Uwanja Usio na Kuta: Michezo, Gereza na Mbio katika Turkana

Historia ya uwanja wa michezo uliobomolewa ni rahisi kuandikwa, kwa kuwa jengo huacha hati, ramani, picha na kifusi. Uwanja wa Nakivubo mjini Kampala, uliozinduliwa katika miaka ya 1950 kuwakumbuka wanajeshi wa Uganda waliofia vitani na kuvunjwa mwaka 2017 ili ujengwe upya, unajulikana hata kwa wasiowahi kuukanyaga. Katika Turkana ya kaskazini, nchini Kenya, kuanzia vilima vya Lokitaung hadi tambarare za Kakuma, mambo ni tofauti: hapa kiwanja, kwa maana ya ardhi wazi inayotengwa kwa ajili ya watu kukutana, kushindana na kutazamana, kilikuwapo kabla ya jengo lolote, na watu walipotawanyika hakikubaki kitu cha kubomolewa.

Katika jamii ya Waturkana, ambao ni wafugaji wa kuhamahama, mahali pa mkutano hutambulika kwa mpangilio wa watu kuliko kwa mipaka ya ardhi. Akiriket, yaani kikao cha wanaume ambapo mnyama huchinjwa, nyama huchomwa na kugawanywa, na wazee huomba dua na kutoa maamuzi, hupangwa kwa nusu duara, na kila mtu huketi kulingana na cheo chake na kundi lake. Makundi hayo ni mawili, Ngimor, maana yake mawe, na Ngirisae, maana yake chui, na mtoto wa kiume huingia katika kundi ambalo baba yake hayumo, hivi kwamba mpangilio wa kikao huwa kama kitabu cha nasaba kilichofunguliwa ardhini. Nayo edonga, ngoma ya kuruka ambayo vijana huisindikiza kwa nyimbo za kuwasifu mafahali wao, huhitaji uwanda mpana, lakini mvua ikinyesha kwingine na mifugo ikahamishwa, uwanda huo hurudi kuwa malisho.

Serikali ya kikoloni ilileta katika nchi hiyo dhana nyingine ya eneo lililotengwa, nayo ilikuwa ya ukuta na kibali. Turkana iliwekwa miongoni mwa wilaya zilizofungwa, yaani zile ambazo mtu wa nje hakuruhusiwa kuziingia bila idhini ya serikali, huku Lokitaung, kwa kuwa iko karibu na mpaka wa Ethiopia, ikifanywa kituo cha askari na utawala, na mwaka 1941 baadhi ya majeshi ya Uingereza yalianzia upande huo yalipovuka mpaka kupigana na Waitalia. Umbali na ukame uliowafaa wanajeshi uliwafaa pia walinzi wa magereza. Tarehe 8 Aprili 1953 mahakama iliyoketi Kapenguria, mji ambao nao haukuingiwa bila kibali, iliwahukumu Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng Oneko kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu kwa madai ya kuongoza vuguvugu la Mau Mau lililoupinga ukoloni. Oneko alishinda rufaa, ingawa hakuachiwa huru, bali aliwekwa kizuizini kwingine. Wenzake walitumikia kifungo Lokitaung, ambako Kenyatta, aliyekuwa mzee kuliko wote, alipewa kazi ya upishi, na mwaka 1959 alihamishiwa Lodwar kuishi chini ya ulinzi.

Miaka hiyohiyo ya gereza ndiyo miaka ambayo riadha ya Kenya ilipata misingi yake ya kisasa. Chama cha riadha cha nchi kiliundwa mwaka 1951, na Kenya ikashiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Melbourne mwaka 1956, wakati Lokitaung ikiwa bado ina wafungwa wake. Mchezo huo ulikuzwa na shule, jeshi, polisi na magereza, taasisi ambazo katika maeneo ya nyanda za juu zilikuwa na viwanja, walimu na mashindano ya mara kwa mara. Lakini katika wilaya iliyofungwa taasisi hizo zilikuwa chache na kazi yake kubwa ilikuwa ulinzi. Ndiyo maana Mturkana aliyeushangaza ulimwengu mwaka 1988, Paul Ereng, mshindi wa medali ya dhahabu ya mita 800 katika Olimpiki ya Seoul, alizaliwa Kitale, akasomea shule ya Starehe jijini Nairobi na kukomaa kimichezo katika Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani.

Mabadiliko yalikuja kwa njia ambayo hakuna mpangaji wa michezo aliyeibuni. Mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ilianzishwa Kakuma ili kuwapokea vijana wa Sudan, wengi wao wakiwa wamekimbia mara ya pili baada ya utawala uliowahifadhi Ethiopia kuanguka mwaka 1991, na viwanja vya vumbi vya kambi hiyo vikawa mahali ambapo watoto wasio na nchi walicheza mpira na kukimbia. Mwaka 2015, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipotangaza kuwa wakimbizi wataruhusiwa kushindana, kazi ya kuwatafuta wakimbiaji Kakuma iliongozwa na Tegla Loroupe, mzaliwa wa Pokot Magharibi na mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda mbio za marathoni za New York, mwaka 1994. Loroupe alikuwa tayari ameanzisha mwaka 2003 taasisi ya amani iliyoandaa mbio za kuwakutanisha vijana wa jamii za wafugaji, kama vile Wapokot na Waturkana, ambao kwa miaka mingi walikutana zaidi katika wizi wa mifugo.

Kutoka katika mbio za majaribio zilizotumika kuwatafuta wakimbiaji hao Kakuma, ambapo baadhi ya washiriki walikimbia pekupeku, wanariadha watano waliingia katika timu ya wakimbizi ya watu 10 iliyokwenda Rio de Janeiro mwaka 2016: Rose Nathike Lokonyen, aliyebeba bendera ya timu katika ufunguzi, Anjelina Nadai Lohalith, James Nyang Chiengjiek, Paulo Amotun Lokoro na Yiech Pur Biel. Mwaka 2024 mjini Paris, Perina Lokure Nakang, aliyekulia katika kambi hiyohiyo, alikimbia mita 800, mbio zilezile zilizompa Ereng dhahabu.

Kwa hiyo mjengo uliosimamishwa kwa makusudi Lokitaung ulikuwa gereza, wala haukuwa jukwaa la watazamaji, na kaskazini ileile ambako wafungwa walipelekwa mwaka 1953, miongo sita baadaye alikuja mwanamke wa Pokot kuwachukua wakimbiaji. Uwanja wa Nakivubo ulipovunjwa, mji ulipoteza saruji na kubaki na kumbukumbu. Turkana haikuwahi kuikabidhi saruji kumbukumbu zake, na anayetaka kuisoma historia ya michezo yake hana budi kuwafuata watu walikohamia, kama vile mfugaji anavyozifuata nyayo za ng'ombe wake baada ya mvua.