Umami: Ladha Iliyomo Katika Maji ya Omena

Mtu haendi Mbita kutafuta rameni. Huenda kwa ajili ya samaki: ngege, mbuta, fulu, na hasa omena, dagaa mdogo anayeng'aa ambaye ng'ambo ya Ziwa Victoria, Uganda, huitwa mukene. Hata hivyo, anayetaka kueleza kwa Kiswahili istilahi ya Kijapani umami atapata pa kuanzia papa hapa ufuoni, katika Kaunti ya Homa Bay, Kenya, sufuria ya omena inapotokota pamoja na nyanya. Mpishi wa hoteli ya Mbita na mpishi wa rameni wa kaskazini mwa Japani wanatafuta kitu kimoja, na wote wawili wanakitoa kwa samaki mkavu.

Rameni ni tambi za ngano ndani ya supu, na kila eneo la Japani hujivunia supu yake. Sapporo hutia miso, yaani soya iliyochachushwa. Hakata, katika jiji la Fukuoka, huchemsha mifupa ya nguruwe kwa saa nyingi hadi supu iwe nyeupe na nzito. Kitakata, mji mdogo wa mkoa wa Fukushima, unajulikana kwa wakazi wake wanaokula rameni tangu asubuhi, na supu yao huchanganya mifupa ya nguruwe na niboshi. Huko Aomori ziko supu ambazo niboshi ndiyo nguzo yake hasa. Niboshi ni samaki wadogo wa baharini waliochemshwa kisha wakakaushwa. Zanzibar kazi hiyo inafahamika vyema: dagaa huchemshwa katika maji ya chumvi, huanikwa, na wengi wao huishia katika masoko ya Kongo. Mbita hatua ya kuchemsha hurukwa. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na asubuhi wanawake humtandaza juu ya nyavu zilizolazwa chini akaushwe na jua.

Istilahi yenyewe ina umri wa zaidi ya karne moja. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Tokyo, alitaka kujua supu ya mwani wa kombu ina nini ndani yake, kwa maana ladha yake haikuwa sukari, chumvi, ukakasi wa ndimu wala uchungu. Akapata glutamati, na ladha yake akaiita umami, kutokana na neno la kawaida la Kijapani, umai, linalosifu chakula kitamu. Mwaka uliofuata glutamati ilianza kuuzwa madukani kwa jina la Ajinomoto. Mwaka 1913 mwanafunzi wa Ikeda, Shintaro Kodama, alipata kiini cha pili, inosinati, ndani ya samaki mkavu. Wanasayansi wengi wa nje ya Japani hawakusadiki kwamba hii ni ladha inayojitegemea hadi mwanzoni mwa karne hii, ulimi ulipothibitishwa kuwa na vipokezi vyake mahususi. Nayo si ladha ya kigeni kwa yeyote: maziwa ya mama yana glutamati nyingi.

Inosinati ndiyo inayotuunganisha na Mbita. Samaki akifa, kemikali iliyokuwa ikiipa misuli yake nishati huvunjika hatua kwa hatua hadi kuwa inosinati. Ukiiacha, vimeng'enya huendelea kuivunja nayo ladha ikapotea. Ndiyo maana Wajapani na Wazanzibari hukimbilia maji ya moto: joto huzima vimeng'enya. Jua kali hufanya kazi hiyo kwa namna yake, kwa kukausha haraka. Siku za mvua omena huanza kuharibika kabla hajakauka, na mzigo wa namna hiyo mara nyingi huenda kuwa chakula cha kuku.

Nyanya nayo ina glutamati, na kadiri inavyoiva ndivyo inavyozidi. Jambo ambalo mtafiti Akira Kuninaka alilibainisha miaka ya 1950 ni kwamba glutamati na inosinati zikikutana, ladha huongezeka kupita kabisa jumla ya viwili hivyo. Mpishi wa Japani huzikutanisha kwa mwani na samaki. Mpishi wa Mbita huzikutanisha kwa nyanya iliyoiva na omena, bila kuagiza chochote kutoka mbali.

Sasa ladha hii tuiite nini kwa Kiswahili? Wapo wanaosema ladha ya tano. Sioni faida yake. Nambari haimwambii mlaji chochote. Utamu ndilo jibu la kwanza la wengi, ila neno hilo tayari lina mizigo miwili, wa sukari na wa sifa kwa chakula chochote kizuri. Kidholuo kina hali hiyo hiyo, kwani mit hubeba maana zote mbili. Ikeda aliweza kutumia umai kwa sababu Kijapani kina neno jingine, amai, kwa ajili ya sukari. Unono nao unavutia, lakini mchuzi mnono ni ule wenye mafuta. Supu ya Hakata ni nono. Supu ya niboshi yaweza kuwa nyepesi na bado ikajaa umami. Kukolea ni kitenzi kizuri mno, na ningependa kibaki kinapotumika: chai imekolea sukari, mchuzi umekolea chumvi. Kinataja kiasi kutimia, hakitaji ladha moja.

Kwa hiyo nashauri tubaki na umami. Neno linaishia kwa irabu, na linakaa bila taabu pamoja na utamu, uchungu na uchachu: umami wa omena, umami huu, umami mwingi. La kuangalia ni moja tu: u- yake si kiambishi, hivyo hatuwezi kuunda kivumishi na kusema mchuzi mmami. Tuseme mchuzi wenye umami.

Jina hili lina kazi jikoni. Inosinati huyeyuka majini. Mjapani hulaza niboshi katika maji baridi usiku kucha, kisha maji hayo ndiyo supu, na samaki mara nyingi huwekwa kando. Sisi humwosha omena kwa maji ya moto, tena na tena, tukayamwaga, tukabaki na samaki. Sababu ni mchanga. Omena aliyeanikwa chini hubeba mchanga, na hakuna anayetaka kuusikia menoni. Lakini maji yale yanayomwagwa yamechukua sehemu kubwa ya umami. Vichanja vya kuanikia, vinavyomwinua omena kutoka ardhini, husifiwa kwa usafi na bei nzuri sokoni. Visifiwe pia kwa ladha, na anayenunua omena aulize ameanikwa wapi.

Ukimpata wa kichanjani, mtoe kichwa na matumbo, maana ndiyo yenye uchungu. Msuuze haraka kwa maji baridi, kisha mlaze katika maji safi mpaka asubuhi. Pasha moto polepole, na usiache maji yachemke kwa nguvu. Kaanga kitunguu na nyanya zilizoiva sana, mimina humo maji hayo pamoja na omena wake, na chumvi uitie mwisho, baada ya kuonja.